Koti la Kumsubiri Karani

Watu waliohamia bondeni kwetu walijenga nyumba zenye kuta za vioo, kisha wakaja kwangu niwashonee mapazia ya kuzifunika. Sikulalamika. Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kiko njia panda, chini kabisa ya mteremko, na kabla ya mapazia yao nilikuwa natia viraka tu mwaka mzima. Lakini nilicheka sana peke yangu. Mtu anatoka mjini kuja kutazama kilima, anaweka kioo ili akione vizuri, jua likimchoma anakuja mbio nimsaidie asikione tena.

Mume wangu hakucheka. Yeye ni mwindaji, kama alivyokuwa baba yake, na kilima kile alikipanda akiwa bado anabebwa mgongoni. Kazi yao ni nguruwe pori. Nguruwe wakianza kufukua mihogo na kuangusha mahindi, wenye mashamba huwaita wawindaji, wawindaji hupanda na mbwa wao, na jioni kila nyumba inapata nyama. Ndivyo tulivyoishi. Kisha ghafla, kila walipogeuka ni waya. Njia ya kushukia mtoni, waya. Penye kivuli walipokuwa wakipumzishia mbwa, waya na kibao: USIWINDE HAPA. Geti la mwisho kule juu kibao kingine: MBWA MKALI, na mbwa mwenyewe ukimwona ni mdogo kama paka, amevalishwa sweta.

Kuliitishwa mkutano kwenye darasa la shule. Wageni walisema milio ya bunduki inawashtua watoto wao, na kwamba wameona damu njiani. Wawindaji wakasema mtu anayenunua mahindi kwenye pakiti hawezi kujua nguruwe ni nini. Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, akasimama juu ya dawati. Tunamwita Kiberiti, na si kwa sababu anauza viberiti. Maneno aliyoyatoa siwezi kuyarudia mbele ya watu wazima. Mkutano ukavunjika, na tangu siku ile hata salamu zikakauka.

Mimi nikabaki katikati. Asubuhi napima mapazia ya wageni, mchana natia viraka makoti ya wawindaji. Kiberiti aliniita msaliti mbele ya wateja wangu. Nikamwambia avue suruali hapo hapo, maana uzi ulioshikilia zipu yake ulibaki kwenye mapazia ya wageni. Watu walicheka, yeye akanuna, lakini lile neno lilinikaa kooni kwa muda mrefu.

Sasa nikuambie kuhusu Karani.

Karani alikuwa mbwa wa mume wangu, wa rangi ya udongo, sikio moja limechanwa na nguruwe zamani. Tulimpa jina hilo kwa sababu hakuna kitu kilichoingia nyumbani bila yeye kukikagua. Mgeni akija ananuswa viatu, mfuko, mpaka mfukoni. Alikuwa mwembamba, mbavu zinaonekana, kwa sababu mbwa wa kuwinda akinenepa anaishia nusu ya kilima. Alikula kabla ya watoto wangu, na sitanii. Shingoni alivaa mkanda wa ngozi nilioushona mimi, na kwenye mkanda kengele ndogo ya shaba. Ile kengele si pambo. Kule juu nyasi zinampita mtu kimo, humwoni mnyama, unaona nyasi zinatikisika tu. Zikitikisika na kengele inalia, unashusha bunduki, huyo ni mbwa. Kila mwindaji wa bonde hili anafundishwa hilo kabla hajaruhusiwa kushika hata risasi.

Jumamosi moja walipanda kumfuata nguruwe dume mkubwa aliyekuwa anamaliza mihogo ya jirani. Wakamjeruhi, akakimbia, Karani akamfuata. Kengele ikasikika ikienda upande wa nyumba za vioo, ikawa ndogo, ikapotea. Mume wangu alipiga mluzi mpaka giza likaingia. Nguruwe hakupatikana, mbwa hakurudi.

Akafanya wanachofanya wote mbwa akipotea. Alirudi penye kisiki, pale alipomfungulia mbwa mara ya mwisho, akavua koti lake akalitandaza chini. Mbwa akichoka kukimbia hurudi alikofunguliwa. Akikuta harufu ya bwana wake analala juu ya koti na kusubiri, hata iwe mvua, hata iwe siku mbili. Asubuhi unapanda, unamkuta amejikunja juu yake. Nimeishi na wawindaji maisha yangu yote na sijawahi kusikia imeshindikana.

Jumapili mume wangu alipanda jua likiwa limeshatoka. Hakukuta mbwa. Hakukuta koti.

"Labda upepo," nikasema.

"Upepo gani unabeba koti lile?" akanijibu, na kweli, lilikuwa zito kama gunia la mkaa.

Jioni akaacha sweta lake. Kulipokucha, sweta halipo. Akaacha blanketi letu, na mimi nililalamika kidogo, baridi ilikuwa kali. Blanketi nalo likaondoka. Nikajaribu kutania, nikamuuliza kesho ataacha suruali au atanipeleka mimi nikalale pale kisikini. Hakutabasamu. Alikuwa amekaa mlangoni na sahani ya chakula mapajani, chakula kimepoa, anatazama kilima. Mume wangu si mtu wa maneno. Akiwa na furaha anapiga mluzi, akiwa na huzuni hapigi, basi. Siku zile nyumba ilikuwa kimya mpaka nikawa nagonganisha sufuria makusudi.

Maneno aliyaleta Kiberiti.

"Wamemuua," alisema, amesimama uani kwetu. "Wamemuua na sasa wanaokota nguo ili usijue mahali pa kutafuta. Kaka, hawa watu wanakucheka. Wamekaa nyuma ya vioo vyao wanakutazama unavyopanda na kushuka."

"Huna uhakika," nikasema.

"Shemeji, wewe shona."

Nilitaka kumrushia kitu. Lakini nilimwangalia mume wangu, nikaona amesikia, na maneno yamemwingia. Kesho yake, alfajiri, akachukua bunduki. Nikamuuliza anakwenda wapi bila mbwa.

"Kukaa kwenye nyasi. Nimwone anayechukua nguo zangu."

"Na bunduki ya nini?"

"Yule dume bado yuko kule na kidonda chake. Sipandi mikono mitupu."

Hiyo ilikuwa kweli, nguruwe aliyejeruhiwa haogopi mtu. Lakini niliyajua macho ya mume wangu, na asubuhi ile hayakuwa macho ya kufikiria nguruwe. Mbwa nilimwogopea, ndiyo. Mume wangu nilimwogopea zaidi. Simu yake aliiacha kwenye rafu kama kawaida, wawindaji hawabebi simu. Nikafungua kibanda nikakaa kwenye cherehani, nikashona mshono mmoja na kuufumua, nikaushona tena.

Ndipo akaja Mama Glovu.

Jina hilo tulimpa sisi wa njia panda. Alikuwa mmoja wa wageni, mwanamke wa makamo, mpole wa sauti, nyumba yake ndiyo ya mwisho juu na geti lake la nyuma linafungukia kilimani. Kila asubuhi huvaa glovu nene, akachukua gunia, akazunguka kilima akiokota makopo, chupa na karatasi. Wengine walimcheka. Mimi nilimpenda, nisiseme uongo. Alikuwa akinisalimia kwanza.

"Hodi, fundi. Nina kazi ya ajabu kidogo, usinicheke. Nataka unishonee godoro la mbwa."

"Yule wa sweta?"

"Hapana, huyu ni mwingine. Nimemwokota."

Akaingiza mkono kwenye mfuko, akatoa koti la mume wangu, akaliweka juu ya meza yangu ya kukatia.

Sikuhitaji kuligeuza. Kiwiko cha kulia nilikitia kiraka cha kitambaa cha kijani, na kitambaa chenyewe kilikuwa kipande kilichobaki kwenye mapazia ya sebule yake yeye. Alikuwa amekipakata kutoka kilimani mpaka kwangu bila kujua kwamba ni pazia lake.

"Hataki kulala popote ila juu ya tambara hili," alikuwa akisema. "Nimemnunulia kitanda, amekinusa akakipa mgongo. Nikafikiri, labda ulishone kama foronya, tulijaze pamba, apate angalau kulala vizuri."

"Ulimpata wapi?" nikauliza.

"Juu kule, penye kisiki. Jumapili, jua linachomoza. Fundi, ungemwona ungelia. Mbavu nje, sikio limechanika, mguu umepasuka, analala kwenye umande. Daktari wa mifugo amemshona. Mtu amemtupa porini, akamwachia nguo kuukuu ili moyo usimsute. Hivi watu wengine wana roho kweli?"

Niliinuka mpaka kiti kikaanguka.

"Huyo mtu ni mume wangu," nikasema. "Na hakumtupa. Alimwachia koti ili amsubiri. Ndivyo tunavyofanya mbwa akipotea. Mbwa alirudi, akasubiri, kama alivyofundishwa, na mume wangu akapanda kumchukua, wewe umeshamchukua. Akaacha sweta ukachukua. Akaacha blanketi langu, ninalolilalia, ukachukua!"

Mama Glovu alikaa kwenye benchi la wateja. Alivua glovu moja, akaishika mikononi.

"Nilidhani ni takataka," alisema. "Nilifikiri watu wanatupa nguo pale makusudi, kwa sababu ya ule mkutano. Kunikomoa."

"Liko wapi sweta?"

"Nimelichoma. Na blanketi pia. Vilikuwa vimelowa." Kisha akaniangalia, macho yamejaa. "Kwa nini hamkuja kuniuliza? Mngegonga tu geti."

"Na kibao kinasema mbwa mkali?"

Alifunika uso. Nilikuwa na mengine ya kumwambia, yamepangana ulimini, ila hapo nikakumbuka mahali alipo mume wangu.

"Leo umeshapanda kilimani?"

"Bado. Nilisema nikitoka kwako ndiyo nipande."

"Usipande. Mume wangu yuko kwenye nyasi anakusubiri, na ana bunduki."

Akabadilika rangi. Sikumwonea huruma wakati ule, nilikuwa nafikiria miguu yangu. Tukapanga haraka. Yeye arudi nyumbani kwa gari lake, amfunge Karani kamba, asimame naye kwenye geti la nyuma asitoke hata hatua. Mimi nipande kutoka chini, nimfikie mume wangu, nimweleze na kumtuliza, ndipo nimwite. Mbwa awe wa kwanza kuonekana, yeye nyuma.

Nilipolikunja koti kitu kigumu kikanigusa. Mfukoni mlikuwa na mkanda wa Karani, na kengele yake.

"Ah, hiyo nilimvua," Mama Glovu alisema akiwa mlangoni. "Ilikuwa inamlilia masikioni usiku na mchana, maskini."

Nikaiweka kwenye mfuko wa aproni. Nilifikiri, mume wangu ataiamini kengele upesi kuliko mdomo wangu. Hilo tu ndilo nililofikiria. Nimejiuliza mara nyingi sana mtu aliyelala na mwindaji miaka yote hiyo anawezaje kuishika kengele ile mkononi na asifikirie shingo iliyobaki tupu.

Nilifunga kibanda nikapanda. Mimi si mtu wa kupanda, kazi yangu ni ya kukaa, na nyasi zilikuwa bado zina umande, sketi ikawa nzito. Kila nilipokanyaga kijiti nilisimama kusikiliza. Mpaka kisikini sikumwona mtu. Nikaogopa kuita jina, nisije nikamshtua ameshika bunduki. Nikatoa kengele nikaipiga.

"Baba watoto!" nikasema, nikiipiga. "Yupo! Karani yupo!"

Akainuka kutoka kwenye nyasi, juu kidogo yangu. Nataka kulisema hili kwa sababu ni langu: nilimwona uso. Aliisikia kengele na uso wake ukafunguka wote. Alianza kupiga mluzi, ule mluzi wake wa kuita, akitazama huku chini kwangu, akitafuta kwenye miguu yangu mbwa wake aliko.

Nyuma yake, juu, nyasi zikatikisika.

Zilikuja kasi, zinapasuka, moja kwa moja kuelekea kwetu. Mume wangu aligeuka. Kengele ilikuwa chini, kwangu. Huko juu hapakuwa na kengele, palikuwa na dume mwenye kidonda ambaye amekuwa akizunguka kilima kile tangu Jumamosi, na mimi nimesimama wazi na sketi iliyolowa. Nilifungua mdomo. Mpaka leo sijui kama sauti ilitoka.

Alipiga mara moja. Mume wangu hakosi.

Mama Glovu alitokea akikimbia, viganja vinatoka damu. Karani aliisikia kengele yake na mluzi, akavuta kamba mpaka ikamchubua mama wa watu, akaondoka. Sasa mbwa alikuwa amelala ubavu pale nyasi zinapoishia, mguu wa nyuma umefungwa bandeji safi, manyoya yameoshwa, ameanza hata kunenepa kidogo. Ukimwona hivi ungedhani ni mbwa wa watu wengine.

Mume wangu alipiga magoti. Alimshika shingoni, akapapasa mahali pa mkanda, akapapasa tena.

"Kengele yake iko wapi?"

Nikafungua kiganja.

"Nilidhani inamsumbua," Mama Glovu alisema. "Jamani, nilidhani inamsumbua."

Hakumfokea. Ningependa angefoka. Kiberiti na wenzake walifika mbio kwa sababu ya mlio, na Kiberiti alipoona mbwa, akamwona yule mama, alimwendea mkono umeshainuka. Mume wangu alisema bila kuinuka, "Risasi ni yangu. Mwache." Kiberiti akashusha mkono, akakaa chini akalia kama mtoto, yeye aliyesimama juu ya dawati.

Walimzika penye kisiki. Mama Glovu aliomba kusaidia kuchimba, hakuna aliyempa jembe, akalichukua mwenyewe akachimba na viganja vile vilivyochubuka.

Huku bondeni hadithi ziko mbili sasa. Wawindaji wanasema wageni walimwiba mbwa na kumvua kengele ili auawe. Wageni wanasema mwindaji alimpiga risasi mbwa aliyeokolewa na mama mwema, na wameongeza vibao. Mimi nazisikia zote mbili nikiwa nimeshika utepe wa kupimia, na nikieleza yaliyotokea kila upande unaniuliza niko upande gani. Nimechoka. Nina hasira na yule mama, nina hasira na Kiberiti, na mkono wangu huu wa kulia siku nyingine sitaki hata kuutazama.

Mume wangu hajapanda kuwinda tena. Wenye mashamba wamekuja kumbembeleza, yule dume bado anafukua mihogo. Anawapa kiti, anawasikiliza, anawasindikiza mpaka njiani. Hapigi mluzi.

Siku ile ya kuzika alilitandaza koti juu ya udongo, sehemu ileile. Nilitaka kumwambia mbwa harudi, lakini anajua.

Juzi nilipanda peke yangu kwenda kuona. Jua limelichoma koti, mshono wa bega umeachia, kiraka cha kijani kimepauka kabisa. Mama Glovu alikuwa amepita asubuhi hiyo na gunia lake, alama za viatu vyake zilikuwa bado mbichi kwenye udongo. Kuzunguka kisiki hapakuwa na kopo, wala karatasi, wala hata kifuniko cha chupa. Aliokota kila kitu isipokuwa koti.